Idd Mubarak kwa wote, na kwa aliye jikoni pia

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu, jamaa na majirani wa Mombasa na kote mliko. Idd Mubarak. Mola azitakabali saumu zetu, awarehemu waliofunga nasi mwaka jana na mwaka huu hawapo, awaponye walio vitandani. Watoto, mkono wa Idd mtaupata. Msianze kuhesabu hata swala haijaswaliwa.

Ramadhani hii tumesikia mawaidha mengi juu ya dhuluma. Tumewaombea Wapalestina kwenye kunuti. Tumelia na dada zetu waliokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani wakazuiliwa pasi na mishahara. Hayo yote ni haki kuyalilia. Neno langu leo ni la dhuluma iliyo karibu zaidi, ile inayotutengea futari.

Nyumba nyingi hapa mjini zina msichana wa kazi, aghalabu ametoka Ganze, Kinango au Kaloleni. Mwezi wa Ramadhani kazi yake huongezeka maradufu na mshahara hubaki palepale. Saa tisa usiku anapasha daku. Alasiri anakuna nazi ya mbaazi, anakanda unga wa chapati, anachoma kaimati moja moja kwenye mafuta, na mara nyingi naye amefunga vilevile. Adhana ya magharibi ikilia sisi tuko kwenye tende, yeye anatafutwa alete sukari. Na Idd yenyewe, wageni wakiingia na madera mapya wananukia udi, yeye yuko nyuma ya sufuria ya biriani, nasi tunaulizana mbona leo amenuna.

Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa Kenya, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo. Wa jikoni hakutolewa humo. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani jijini Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Nikikitaja kiasi hiki mbele ya akina mama, watu hucheka. Nawaelewa: muuza mahamri mwenyewe huenda hazipati. Asiyeweza, basi nyumba mbili zishirikiane mtu mmoja kwa zamu, au aje nusu siku arudi kwake, alipwe kwa saa zake. Lakini kumweka mtoto wa watu ndani usiku na mchana kwa elfu tano, na kitambulisho chake umekifungia kabatini, una tofauti gani na yule tajiri wa Saudia?

Kuna na mchezo mwingine, mtaa siutaji nisije nikakosa mwaliko. Msichana anadai mishahara ya miezi miwili. Usiku wa kuamkia Idd anapewa pishi ya mchele na dera, anaambiwa hiyo ndiyo zaka yako, shukuru. Ujira ni deni, na deni la mtu halilipwi kwa zaka. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumlipe kibarua kabla jasho lake halijakauka. Pishi ya fitri tunahakikisha imetoka kabla ya swala ya Idd. Mshahara nao ungetangulia.

Mmoja akilipa vizuri peke yake, majirani humwambia anawaharibia. Ndiyo maana nataka tulifanye kwa umoja. Kila mtaa una chama cha akina mama, na chama kinachochangia harusi na maziko hakishindwi kukaa kikao kimoja mwezi huu wa Shawwal kikakubaliana: kiwango ambacho hakuna wa kushuka chini yake, siku ya kupumzika, maandishi ya makubaliano, na kikombe kikivunjika kisikatwe kwenye mshahara. Na tukisikia msichana analia usiku nyumba ya pili, tupige hodi. Hodi isipoitikiwa, yuko mzee wa mtaa, iko afisi ya leba, na kipo chama cha KUDHEIHA kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Na nyinyi waume msijifanye haya ni ya wanawake. Mwenye kusema "mwambie angoje mwisho wa mwezi ujao" kwa kawaida ni baba mwenye nyumba.

Leo biriani ikiiva apakuliwe naye, kisha aende Makadara na wenzake akapande bembea. Na mlionuia kufunga sita za Shawwal, daku jipashieni wenyewe, yeye mwacheni alale.

Kullu aam wa antum bikheri.