Barua kwa wanakikundi wenzangu kuhusu faini ya mkaza mwanangu

Kwenu wanangu na wadogo zangu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, Ngamiani, Tanga.

Assalaam alaykum. Kwenye kikao kilichopita mlimtoza mkaza mwanangu faini ya shilingi 10,000 kwa kutoonekana jikoni siku ya msiba. Faini nimeilipa mimi, wala sina ugomvi nayo. Kilichoninyima usingizi ni neno lililosemwa baadaye: "Ijumaa harusini alikuwepo na dera jipya, Jumapili msibani hajiwezi." Wengi mkacheka. Siwezi kuwalaumu sana, kwani kabla yenu ni mimi niliyekuwa nikisema hivyo mwaka mzima, tena nyumbani kwake, tena anasikia. Mwenyewe ameniruhusu nieleze, na ninaandika wazi ili walioko Muheza na Pangani wenye mgonjwa kama wetu nao wasome.

Ugonjwa wake unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Aghalabu humpata mtu angali kijana, kati ya miaka 20 na 40, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Hauambukizi. Duniani wanakadiriwa kuwa watu milioni 2.9 wanaishi nao, ila huku kwetu karibu na ikweta ni haba, ndiyo maana mtoto wa watu alitibiwa malaria mara nne, akatibiwa taifodi, akanyweshwa na kombe, mpaka alipopigwa kipimo cha MRI, cha picha ya ndani ya ubongo, Dar es Salaam. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanageuka na kushambulia mielini, utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Utando ukishaliwa, ujumbe wa kwenda mkononi au mguuni hupita kwa taabu. Mnaujua mpira wa maji uliotobokatoboka: pampu inasukuma kwa nguvu zote na ndoo haijai. Basi kuinua sufuria ile ile, ubongo wake unafanya kazi kubwa kuliko wangu na wako.

Nitawapa siku moja tu. Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua la utosi. Amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali. Kifuu cha kwanza akamaliza. Cha pili kilipofika nusu, sikusikia tena meno ya mbuzi. Nikachungulia dirishani, nikamwona amekishika kifuu kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, upande mmoja nazi bado nyeupe. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakunijibu. Baadaye sana alinieleza kwamba alitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Mwanangu akaja, akalowesha kanga, akamzungushia shingoni na kumsogeza upenuni penye upepo. Nusu saa haikutimia, akanyanyuka akaimalizia nazi yake. Mimi nikasema moyoni, kumbe alikuwa anajifanya.

Hapo ndipo nilipomdhulumu. Lilikuwa joto. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari za wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia wakishajichosha, na wakipumzika yanarudi. Baadaye ikajulikana kuwa sababu ni joto: joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi, mshipa uliochubuka unaweza kushindwa kupitisha ujumbe, na mwili ukipoa unapitisha tena. Kwa hiyo kuanguka kwake kulikuwa kweli, na kuinuka kwake kulikuwa kweli. Sasa lifikirieni jiko letu la msiba: mafiga yamepangwa, moshi wa kuni, pilau la watu mia, saa saba mchana, msimu wa kaskazi, joto tupu. Mnamwita huko, kisha mnamtoza faini akishindwa.

Na uchovu wenyewe si huu wetu wa kutoka sokoni. Katika wagonjwa kumi wa MS, kama wanane wanao. Analala masaa tisa na kuamka kama aliyekesha. Unamjia ghafla, hauna alama usoni, na mkimwambia "mbona umependeza, huonekani mgonjwa," mnadhani mmemfariji. Ile harusi ya Ijumaa, Alhamisi nzima alilala ili aweze kukaa masaa mawili ukumbini. Jumamosi na Jumapili akailipa. Anazo nguvu za kuhesabu kama mtu mwenye unga wa siku moja, na siku ile aliamua kuzitumia kwa furaha. Ni haki yake.

Mmoja wenu aliniuliza mbona hapewi dawa ya kumtia nguvu. Dawa tatu zinazotumika sana zilijaribiwa Marekani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba zinashinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kinachomsaidia ni kugawa kazi, kupoza mwili, na kutembea asubuhi kabla jua halijakaza. Kulala kitandani tu kunamdhoofisha. Tena daktari alitafuta vitu vingine vinavyoongeza uchovu: upungufu wa damu, kuamka usiku kwenda haja ndogo, na huzuni. Damu ilipungua, ametibiwa. Huzuni anayo, na mimi najua sehemu yake imetoka kinywani mwangu.

Ninachowaomba ni hiki. Mumwondoe kwenye zamu ya jikoni na mumpe daftari la michango. Alikuwa mwalimu, hesabu zake hazina doa. Siku akisema hawezi, msimuulize jana aliwezaje. Akiwa katikati ya maneno akanyamaza, msimmalizie wala msimharakishe, mpeni maji baridi na mngoje.

Kikao kijacho tukianze saa mbili asubuhi badala ya saa tisa mchana. Nitakuja naye. Mtuwekee kiti kile cha karibu na mlango, upande unaopata upepo wa baharini.

Mama yenu, wa Ngamiani