Programu za lishe za kulipia: pesa zetu zinanunua nini?

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu biashara ambayo imeenea sana miongoni mwetu sisi tunaofanya mazoezi jijini Nairobi, yaani uuzaji wa programu za lishe. Anayejiunga na jimu yoyote kuanzia Kayole hadi Kilimani, au na kundi la wakimbiaji linalokutana msitu wa Karura Jumamosi asubuhi, hakawii kupokea ujumbe unaomwalika alipie mpango wa chakula wa wiki nne, wa wiki nane au wa miezi mitatu, malipo yakitumwa kwa M-Pesa na mpango wenyewe ukiletwa kwa WhatsApp. Nimeona mpango wa namna hiyo ukitangazwa kwa shilingi 1,500, nimeona mwingine ukitangazwa kwa shilingi 10,000, na yaliyoandikwa ndani yake hayakutofautiana sana. Kwa kuwa ninasaidia kuongoza kundi la mazoezi la mtaani kwetu, vijana huniuliza mara kwa mara kama pesa hizo zinafaa kutolewa. Jibu langu hutegemea kinachonunuliwa. Zikinunua orodha ya vyakula, ni hasara. Zikinunua muda wa mtaalamu aliyesajiliwa, anayekupima, anayekusikiliza na kukufuatilia kwa miezi kadhaa, huenda zikakufaa kuliko hata ada ya jimu yenyewe.

Nyingi ya orodha zinazouzwa zimenakiliwa kutoka nchi nyingine na kubandikwa picha ya mkufunzi wa hapa. Ndani yake utakuta salmon, kinoa, lozi na matunda ambayo hayauzwi Marikiti wala Kangemi, na ambayo dukani bei yake inaweza kumaliza bajeti ya chakula cha siku mbili ya kijana anayeishi Pipeline. Kijana huyo hujitahidi wiki ya kwanza, wiki ya pili huanza kuruka milo, na ya tatu huacha kabisa huku akiamini kwamba amekosa nidhamu. Hilo huniuma kuliko pesa zilizopotea, kwa sababu mtu aliyejiona ameshindwa na chakula mara nyingi huacha hata mazoezi.

Jambo linalouzwa kama siri kubwa kuliko yote ni protini, na kwa kweli hakuna siri hapo. Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku. Kwa anayenyanyua vyuma kwa bidii, tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kwamba faida ya kuongeza protini kwa ajili ya misuli hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 kwa hiyo anahitaji takriban gramu 112. Mayai matatu yana gramu 18 hivi, nusu lita ya maziwa ina 16, bakuli la maharagwe yaliyoiva lenye gramu 230 lina takriban 20, gramu 150 za nyama au kuku aliyepikwa zina karibu 40, ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga una kama 14, na kiganja cha njugu karanga kina 7. Jumla ni gramu 115, na hakuna poda ya kopo iliyoguswa. Asiyemudu nyama kila siku ana omena, ambayo ina protini nyingi na, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, ina madini ya kalisi pia. Yai moja likiuzwa shilingi 20, mpango wa shilingi 5,000 ni mayai 250.

Githeri nayo inastahili heshima kuliko inayopewa katika mipango hii, ambamo mara nyingi haitajwi kabisa. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, ilhali maharagwe yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huyajazia. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Mama zetu walipika chungu hicho bila kulipishwa ushauri na mtu yeyote, na anayekiita chakula cha maskini katika mpango wake wa kulipia hajui anachokiuza.

Vilevile programu nyingi huanza kwa kupiga ugali marufuku. Utafiti wa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji bingwa wa Kenya, ulioongozwa na Vincent Onywera, ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati waliyokula ilitokana na wanga, na ugali ulikuwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Simaanishi kwamba karani anayekaa ofisini mchana kutwa na kisha saa mbili kwenye matatu ale kama mkimbiaji wa Iten. Ninachosema ni kwamba kiasi cha ugali hupimwa kwa kazi ambayo mwili umefanya, na kwamba chakula kilichowalisha mabingwa wa dunia hakiwezi kuwa adui wa misuli.

Sababu ya ugali kupigwa marufuku kwanza ni kwamba hatua hiyo huleta matokeo ya haraka kwenye mizani, na matokeo hayo ndiyo tangazo. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo la glikojeni, takriban gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Mtu akiacha wanga ghafla, akiba hiyo hupungua pamoja na maji yake, na mizani inaweza kushuka kwa karibu kilo mbili katika siku chache bila mafuta ya maana kupungua. Mteja hufurahi, hutuma picha, na picha yake huwavuta wengine kumi. Akila wali au chapati mwishoni mwa mwezi, kilo hizo hurudi, naye huambiwa alipie awamu ya pili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba nishati ya takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo kilo tano ni 38,500, yaani 5,500 kwa kila siku ya wiki. Anayekuahidi kupoteza kilo tano za mafuta kwa wiki moja anakuahidi jambo ambalo mwili wa kawaida hauwezi kulifanya.

Hadi hapa nimezungumzia pesa, lakini yako madhara yanayozidi pesa. Katika kundi letu dada mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mbio za kilomita 21 aliuziwa mpango wa kilokalori 1,200 kwa siku, ule ule uliokuwa umeuzwa kwa wanawake wasiofanya mazoezi yoyote. Hesabu yake ni rahisi kufuata. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 hutumia takriban kilokalori 600, kwa hiyo siku ya kukimbia alikuwa akiuachia moyo, ubongo, ini na kila kiungo kingine kilokalori 600 pekee, ilhali mwili wa mwanamke wa uzani huo hutumia zaidi ya 1,200 hata akilala kitandani siku nzima. Alianza kuona kizunguzungu, hedhi yake ikakatika, na aliyemuuzia mpango akamwambia kwamba hiyo ni dalili ya mwili kuzoea. Daktari alimweleza kwamba mwili wake ulikuwa umekosa nishati na ulikuwa ukizima kazi ambazo si za dharura. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii mwaka 2014, na miongoni mwa athari zake ni mifupa kudhoofika. Fundi wa nguo akimpima mteja mmoja kisha akawashonea wote kwa vipimo hivyo, tutamwacha. Lakini anayewalisha watu mia moja kwa karatasi moja tunamwongezea wateja.

Sisemi haya ili wasomaji waamini kwamba ushauri wa lishe hauna thamani. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Waliosaidiwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58, kiwango kilichoshinda hata dawa ya metformin iliyojaribiwa katika utafiti huo huo. Ukitazama walichopewa, hapakuwa na chakula cha ajabu. Walipewa mtu. Kila mshiriki alikutana na mshauri wake ana kwa ana, mkutano baada ya mkutano, wakiangalia pamoja alichokula, kilichomshinda na jinsi ya kukikabili. Anayeuza faili la WhatsApp na kunyamaza baada ya malipo kuingia ameiacha nje sehemu hiyo iliyofanya kazi.

Kwa hiyo wako watu ambao ningewashauri walipe, tena bila kusita: mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetaka kuanza mazoezi mazito, mwenye tatizo la figo ambaye kuongezewa protini kiholela kunaweza kumdhuru, mama mjamzito au anayenyonyesha, mwanamke mkimbiaji anayechoka bila sababu na huenda ana upungufu wa madini ya chuma, bondia anayepaswa kushusha uzani kabla ya pambano. Hata asiye na maradhi, kama amejaribu mara nyingi peke yake na anajua kwamba tatizo lake ni kukosa mtu wa kumfuatilia, hapotezi pesa akimlipa mtu wa kufanya kazi hiyo, mradi awe mtu anayestahili kuifanya. Na kabla ya kwenda kliniki ya kibinafsi, ni vyema kukumbuka kwamba hospitali kubwa za umma jijini zina wataalamu wa lishe.

Anayestahili anajulikana kwa sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Lishe mwaka 2007, na chini yake Taasisi ya Wataalamu wa Lishe ya Kenya (KNDI) husajili wataalamu hao na kuwapa leseni. Mwili wenye misuli si leseni, na wingi wa wafuasi mtandaoni si leseni. Mkufunzi wa mazoezi anaweza kuwa hodari sana katika kufundisha namna ya kuchuchumaa na chuma mabegani bila kuumiza mgongo, na bado asiwe na ujuzi wa kumpangia chakula mtu anayetumia insulini. Mtu anayetaka kulipa na amwulize muuzaji namba yake ya usajili, amwulize atapimwa nini kabla ya kupangiwa chakula, na amwulize pia kama analipwa kamisheni kwa poda anazozipendekeza. Asiyekuuliza unaugua nini, unatumia dawa gani, unakula wapi mchana na una shilingi ngapi za chakula kwa wiki hajakutayarishia mpango wowote. Nao wanaotakiwa kutuma picha za miili yao wakiwa nusu uchi pamoja na historia ya afya wajue kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na wana haki ya kuuliza zinahifadhiwa wapi na nani huziona.

Kinachonisikitisha zaidi, Mhariri, ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa tunayouziwa tayari ni mali yetu. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa kuhusu lishe bora na mazoezi ya mwili. Mwaka 2018 serikali, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichapisha majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya, ambayo yanaonyesha kilichomo katika vyakula tunavyovinunua sokoni kila siku. Hayo yote hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Programu ya simu iliyotengenezwa ng'ambo haijui managu ni nini na humlazimisha mtumiaji kukisia kwa kuchagua spinachi, ilhali jibu limechapishwa hapa nyumbani. Tatizo ni kwamba machapisho hayo ni marefu na yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kwa hiyo mhudumu wa jimu ya Umoja hayafikii, na pengo hilo ndilo wauzaji wa orodha wanalolijaza.

Ninaiomba Wizara ya Afya itoe kijitabu kifupi kwa Kiswahili sanifu kutokana na machapisho hayo, chenye vipimo vinavyoeleweka kama bakuli, kikombe na kiganja, na kisambazwe katika jimu za mitaani na viwanja vya mazoezi vya kaunti. Ninaiomba KNDI ifuatilie matangazo ya mipango ya lishe mtandaoni na kudai kila tangazo lionyeshe namba ya usajili ya aliyeutayarisha mpango. Na kwako Mhariri, ninaomba kurasa za afya za gazeti hili zitenge safu ambamo mtaalamu aliyesajiliwa atajibu maswali ya wasomaji wanaofanya mazoezi. Kundi letu liko tayari kutuma maswali ya kwanza, na tunayo mengi.

Wako mwaminifu,
Mwelekezi wa kundi la mazoezi,
Umoja, Nairobi