Shangazi anataka jiwe la babu, mdogo wangu anakataa maneno yake

Ndugu Mshauri, jambo sana. Wasomaji wote, jambo.

Ninaandika kutoka Bukavu, mtaa wa Nyamugo. Ukoo wetu umegawanyika kwa ajili ya mtu aliyekufa mwaka 1941. Baba alipofariki nilibaki mimi mkubwa wa nyumba, kwa hiyo uamuzi umeniangukia.

Babu yetu alikuwa wa Walungu, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo. Hakujipeleka mwenyewe. Utawala wa Wabelgiji ulidai vijana kwa machifu, chifu akachagua, na aliyechaguliwa alitumikia miaka saba. Babu aliacha mtoto wa kiume, baba yetu, na bibi akiwa na mimba ya msichana. Msichana huyo ndiye shangazi yetu wa leo, mama wa zaidi ya miaka 80, ambaye hajawahi kuiona sura ya baba yake hata kwenye picha.

Kikosi chao kilipelekwa Ethiopia kupigana na Waitaliano. Sisi wa Bukavu tunaitaja kambi Saio kila siku bila kuuliza jina limetoka wapi. Limetoka huko. Saio ni mji wa nyanda za juu magharibi mwa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Ubelgiji ulikuwa umekwisha kutekwa na Wajerumani tangu Mei 1940, lakini Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Waingereza, na kabla mwaka haujaisha Kongo ikawa vitani na Italia. Askari walisafirishwa hadi Sudan, wakapanda meli za mto Nile, wakavuka mpaka. Machi 1941 waliiteka Asosa, wakasogea mpaka Gambela. Hapo mvua ikawafunga. Chakula kilichelewa, na kuhara damu na beriberi vikaingia kambini, vikaua askari na wapagazi. Tarehe 3 Julai wakapanda kushambulia Saio, na Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri kwa Gilliaert, mkuu wa jeshi letu huko, yeye na majenerali wenzake.

Babu hakurudi. Bibi alipewa karatasi na pesa ambazo, kwa maneno yake, hazikufikisha watoto kwenye mavuno ya pili. Mji huu wakati huo uliitwa Costermansville, na mjane wa askari mweusi hakuwa na mlango wa kubisha.

Sasa shangazi anataka jiwe. Anataka liwekwe Walungu, kando ya kaburi la bibi, kabla yeye mwenyewe hajafa. Ameuza mbuzi, amelipa nusu ya pesa za fundi, na maneno ameshayachagua: jina la babu, halafu “Alikufa Saio kwa ajili ya uhuru, 3 Julai 1941”.

Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa mjini, amesema maneno hayo yakichongwa yeye hatatoa mchango na hatakanyaga Walungu siku hiyo. Alimwambia shangazi mbele ya ukoo mzima, “Shangazi, uhuru wa nani? Askari yule alikuwa anachapwa fimbo za chicote na haohao waliompeleka kukomboa watu wengine.” Shangazi akamjibu, “Mwanangu, baba yangu alikuwa mtu, hakuwa ng’ombe wa kuswagwa.” Mdogo wangu akasema, “Aliswagwa, Shangazi.” Tangu siku ile hawasalimiani, na kwetu mtoto kutomsalimia shangazi yake ni jambo zito sana.

Mdogo wangu si mtovu wa heshima, nataka hilo lieleweke. Anayosema ameyasoma na yanamuuma. Anasema miezi mitano baada ya Saio, Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma huko Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara, na Force Publique hiyohiyo ikawapiga risasi. Wafu walikuwa makumi. Anauliza jeshi la uhuru gani linaua baba za watu wanaodai posho. Anasema mpaka mwaka 1960 hakukuwa na Mkongomani hata mmoja aliyepewa cheo cha ofisa, na kwamba baada ya uhuru kutangazwa Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, aliwaandikia askari ubaoni kuwa kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawa. Anaongeza kwamba Haile Selassie alikuwa ameshaingia Addis Ababa tangu tarehe 5 Mei. Kama mfalme wao alikuwa amerudi kwenye kiti chake miezi miwili kabla, Saio ilikombolewa kwa faida ya nani, kama si Wabelgiji kupata ushindi wa kujivunia mbele ya Waingereza?

Hoja hiyo ya mwisho siikubali, na nimemwambia. Waitaliano walimwaga gesi ya sumu juu ya watu wa Ethiopia, na Februari 1937 waliwachinja raia wa Addis Ababa siku kadhaa mfululizo. Mtu wa Saio ambaye bado alikuwa chini yao mwezi Juni hakusaidiwa na mfalme aliye Addis Ababa. Vijana wetu waliopanda mlima ule waliwatendea Waafrika wenzao wema mkubwa, hata kama aliyewatuma hakuwa na nia hiyo. Ubaya wa aliyetuma haufuti wema wa kazi. Huo ndio msimamo wangu, na mdogo wangu anajua.

Lakini ana neno moja ambalo limenishinda kujibu. Tangu vita vilipoingia Bukavu Februari 2025, na hata kabla, vijana wetu wanaitwa huku na huku kushika bunduki. Yeye ana mtoto wa kiume anayekaribia umri huo, mkimya, anayesikiliza sana wakubwa wakizungumza. Mdogo wangu aliniambia tukiwa wawili tu, “Yaya, mkubwa wangu, hilo jiwe litasomwa na mwanangu. Atajifunza kwamba katika ukoo huu anayekufa na bunduki mkononi anachongewa jina, na anayelima mihogo akalea watoto hachongewi.” Bibi, aliyewalea wale wawili peke yake kwa jembe, kaburi lake lina msalaba wa mti tu, na umeoza.

Na shangazi naye? Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa alimvisha nishani Kaporali Albert Kunyuku, aliyetajwa kuwa askari wa mwisho wa Kongo wa Vita vya Pili vya Dunia aliyekuwa bado hai. Shangazi aliisikia redioni, akalia, akasema wamemkumbuka baba yake. Mdogo wangu aliona ni dharau kuja na nishani moja miaka 77 baada ya vita hivyo kwisha. Mimi niliona mwanamke mzima aliyekua bila baba, ambaye kitu pekee alichorithi ni kuambiwa kwamba baba alishinda. Ukimwambia alikufa bure, unamwachia nini?

Ndugu Mshauri, bado sijafika penye mzigo wangu hasa.

Baba, karibu na kufa kwake, alinieleza jambo ambalo alilificha maisha yake yote. Baada ya vita alikuja mzee mmoja wa Kabare aliyekuwa kikosi kimoja na babu. Alimweleza bibi kwamba babu hakufika Saio. Alikufa Juni, wiki chache kabla ya shambulio, chini kule kwenye mvua, kwa kuhara damu. Walimzika karibu na kijito cha Bortai pamoja na wapagazi, na mzee huyo alikuwa mmoja wa waliochimba. Baba alisikia akiwa mtoto mdogo wa kulala pembeni ya moto. Bibi akamkataza kumwambia dada yake, na yeye akatii mpaka mwisho.

Kwa hiyo tarehe ambayo shangazi anataka kuichonga si kweli. Hakufa siku ya ushindi, na bendera nyeupe ya Waitaliano hakuiona. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya kaburi la bibi yangu na kuacha uongo uandikwe juu ya jiwe, mimi mwenyewe nikiwa nimelipa mchango. Nikisema, namvunja mama mzee aliyebakiwa na muda mdogo, na mdogo wangu ataichukua habari hiyo kama ushahidi: unaona, hakufia hata vita, alikufa kwa tumbo kwa sababu Wabelgiji hawakupeleka chakula na dawa.

Nami sioni kwamba kifo cha kuhara kina thamani ndogo kuliko cha risasi. Wenzake waliopanda mlima Julai walipanda kwa sababu watu kama yeye walikaa pale chini wakati wa mvua bila kukimbia. Ila sijui kama binti yake atalisikia hivyo, au atasikia tu kwamba alidanganywa na mama yake na kaka yake miaka 80.

Nimefikiria kuandika jina lake, Walungu alikozaliwa, Ethiopia alikofia, mwaka 1941, basi, na jina la bibi chini yake kwenye jiwe hilohilo, na kazi yake ya kulea ikatajwa. Neno uhuru lisiwepo wala neno bure. Naogopa kwamba shangazi ataona nimemnyang’anya baba yake, na mdogo wangu ataona nimeogopa kusema.

Fundi anasubiri maneno, naye anataka kuanza kuchonga kabla ya kiangazi kwisha. Naomba mnishauri mambo mawili. Nimwambie shangazi habari ya Bortai, na kama ndiyo, nimwambie peke yake au mbele ya mdogo wangu? Na juu ya jiwe, ninyi mngeandika nini? Kama kuna msomaji ambaye babu yake naye alikwenda Uhabeshi akabaki huko, aniambie nyumbani kwao walifanyaje.

Mjukuu, Kadutu, Bukavu