Barua kutoka Ypsilanti: kiwanda cha magari kilichounda ndege za mabomu

Ypsilanti, Michigan

Kaka Selemani,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji, watoto na vijana wa karakana. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza visa vyake. Ujumbe wako niliupata. Sikutaka kukujibu kwa sauti ya dakika mbili kwenye simu, maana ulichouliza kinataka nafasi. Uliuliza kama ni kweli Ford, huyuhuyu wa magari, aliwahi kuunda ndege za mabomu karibu na ninapokaa, au ni porojo za kijiweni. Ni kweli tupu. Kiwanda kilikuwa Willow Run, nje kidogo ya mji huu, na barabara kuu ninayoitumia kwenda kazini mwanzo wake ni barabara iliyojengwa wakati wa vita ili wafanyakazi kutoka Detroit wafike huko.

Nikuambie mapema kwamba hadithi inayopendwa huku ni ile ya "ndege moja kila saa". Inasimuliwa kana kwamba mzee Ford alibonyeza swichi, ndege zikaanza kumiminika. Mimi nimevutiwa zaidi na muda mrefu wa kuhangaika kabla ya hapo, na wewe uliyezeeka na bati na nyundo pale karakana za Gerezani, Dar, utauelewa kuliko wengi.

Mei 1940 Rais Roosevelt aliliambia Bunge kwamba Marekani inahitaji uwezo wa kuunda ndege 50,000 kwa mwaka. Viwanda vya ndege vya wakati ule vilifanya kazi kama seremala na kabati lake: pima, chonga, jaribisha, chonga tena. Serikali ikawageukia watu wa magari. Januari 1941 Charles Sorensen, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa mkuu wa uzalishaji wa Ford, akaenda San Diego, California, kuangalia kampuni ya Consolidated inavyounda ndege ya mabomu ya B-24 Liberator. Hakupendezwa. Hatua za mwisho za kuunganisha zilifanyika nje, juani, juu ya fremu za chuma. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinanywea, vipimo havitulii, na kipande kilichoingia vizuri kwenye ndege hii kinagoma kwenye ile. Consolidated walikuwa wanatamani kufikia ndege moja kwa siku. Sorensen akarudi hotelini, akakesha na penseli na karatasi akichora kiwanda kizima. Kulipokucha akasema Ford atatoa moja kwa saa.

Hiyo ni jeuri, bwana! Gari la enzi zile lilikuwa na vipande kama 15,000. Liberator ilikuwa na zaidi ya 450,000, na juu yake ribiti, vile vipini vya kushikizia bati, zaidi ya 300,000 za ukubwa mbalimbali. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 33 na nusu, na injini nne, kila moja nguvu ya farasi 1,200.

Henry Ford mwenyewe alikuwa mgumu kuingia vitani. Mwaka 1940 alikataa kutengeneza injini za Rolls-Royce kwa ajili ya Waingereza, baada ya mwanawe Edsel kuwa ameshakubali, na kazi ikaenda kwa kampuni ya Packard. Lakini Willow Run akaiachia ipite. Ilikuwa ardhi yake, shamba alilokuwa akilima soya, na Aprili 1941 ujenzi ukaanza. Mchoraji wa jengo alikuwa Albert Kahn, yule aliyewachorea matajiri wa Detroit karibu kila kiwanda cha maana. Mstari wa kuunganishia ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, tena haukunyooka: karibu na mwisho ulipinda kona ya nyuzi 90, na ndege ikawa inazungushwa juu ya meza kubwa ya chuma ili iendelee upande wa pili. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba jengo lilipindishwa ili lisivuke mpaka wa wilaya ya Wayne, ambako kodi ilikuwa kubwa zaidi. Kumbe ukwepaji kodi hata kwenye vita vya dunia una nafasi yake!

Sasa njoo kwenye kalibu, yaani vyuma vinavyolipa bati umbo likikandamizwa; hapa ndipo palipoungua. Mtu wa magari anaamini kalibu ngumu ya chuma cha pua. Ni ghali na inachukua miezi kuchongwa, lakini ikishakaa kwenye mashine ya kukandamiza inakutolea bati la mlango lilelile mara laki moja bila kuchoka. Watu wa ndege walitumia kalibu laini za aloi ya zinki au risasi, kwa sababu walijua umbo litabadilika kesho na keshokutwa. Ford akawaona washamba. Akachonga kalibu ngumu kwa maelfu, na kwanza ikabidi wahandisi wake waichambue ndege nzima na kuichora upya, kwa sababu michoro ya San Diego ilitegemea mno kile fundi alichokuwa nacho kichwani.

Halafu jeshi likaanza kuleta mabadiliko. Marubani wanarudi kutoka vitani wanasema ongeza bunduki hapa, hamisha tangi pale, kinga rubani kwa bamba la chuma. Kila badiliko ni haki yao, wao ndio wanaokufa. Ila kila badiliko linamaanisha kalibu ya miezi kadhaa imegeuka chuma chakavu. Nyongeza ni kwamba bati la aluminiamu halina tabia ya bati la gari. Ukilikandamiza linarudi nyuma kidogo, likionewa linapasuka kwenye kona. Wewe unalijua hilo kwa viganja vyako; wao walilijifunza kwa hasara.

Mwaka mzima wa 1942 zilitoka ndege 56 tu. Gazeti na wanasiasa walishatangaza muujiza, Roosevelt ameshakuja kutembelea Septemba, na kiwanda kikubwa kuliko vyote kinatoa ndege za kuhesabika. Charles Lindbergh, rubani yule aliyevuka Atlantiki peke yake, alikuwa mshauri pale na hakuficha katika shajara yake jinsi zile za mwanzo zilivyoundwa ovyo. Kamati ya seneta Truman ikaja kuchunguza. Suluhisho lililopatikana halikuwa la kishujaa hata kidogo: jeshi likakubali kuacha umbo likae kwa muda, ndege zitoke kwa mafungu yanayofanana, na marekebisho yafanyiwe kwenye karakana za mbali, kama ile ya Birmingham, Alabama, baada ya ndege kuwa imeshakamilika.

Lakini kwa maoni yangu tatizo kubwa kuliko kalibu lilikuwa vitanda. Walijenga kiwanda cha watu makumi ya elfu katikati ya mashamba, kisha hakuna aliyejiuliza hao watu watalala wapi. Wakati wa kilele, katikati ya 1943, walikuwa kama 42,000. Ypsilanti kilikuwa kimji kidogo tu. Watu walihamia kutoka Kentucky na Tennessee wakalala kwenye mahema, kwenye trela, kwenye gereji za wenyeji. Kitanda kimoja kililaliwa kwa zamu: mwenye shifti ya mchana akiamka, wa usiku anaingia shuka likiwa bado na joto. Serikali ilitaka kujenga mji wa kudumu, Ford na wakubwa wa wilaya wakapinga, wakaja kuishia na mabweni na nyumba za muda zilizoanza kufunguliwa mapema 1943. Mwaka ulikuwa umeshapotea.

Waliokaa Detroit walikuwa na safari ya karibu kilomita 50 kwenda, na kurudi vilevile, petroli kwa mgao na tairi hazipatikani. Tairi zilikosekana kwa sababu Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mpira ya Malaysia ya leo. Hapo ndipo vita ile inagusa upande wenu: wakati uleule Waingereza walifufua mashamba ya mpira kule Muheza, yaliyoachwa tangu enzi ya Mjerumani, na wakawakamata watu kwa amri wakageme mpira. Shangazi zako wa Muheza huenda wana ya kusimulia kuhusu hilo kuliko mimi. Kwa hali hiyo, mtu anafundishwa kazi, anavumilia wiki chache, anaondoka. Au jeshi linamchukua. Kila siku walikuwa wanafundisha wapya.

Na Weusi? Roosevelt alishatia saini Juni 1941 amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya vita. Willow Run iliwaajiri wachache mno, na zile nyumba za serikali zilikuwa za Wazungu peke yao. Fundi Mweusi mwenye bahati ya kupata kazi alilazimika kutoka Detroit kila siku, kwenye ile safari ya tairi zisizopatikana. Kiwanda kinalia hakina watu, na watu wako pale wanafukuzwa mlangoni. Juni 1943 Detroit ikalipuka kwa ghasia za rangi. Walikufa watu 34, 25 kati yao Weusi. Mwongozaji wa makumbusho hapa huwa anaanza na ndege moja kwa saa. Mimi ningeanza na hili.

Waliokiokoa kiwanda, ukiniuliza mimi, ni wanawake. Walikuwa karibu theluthi ya wafanyakazi, na mshahara wao ulikuwa sawa na wa wanaume. Kupiga ribiti ni kazi ya wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo, mwingine yuko ndani amekishikilia kipande cha chuma nyuma ya tundu ili kichwa cha ribiti kijikunje vizuri. Hawaonani. Wanasikilizana kwa mapigo, na wakikosana kidogo tu bati linabonyea, ribiti inatobolewa, kazi inaanza upya. Ndani ya bawa, mahali ambapo mtu mzima haingii, waliwekwa watu wa kimo kifupi sana waliokuwa wakinyimwa kazi kwingine. Na hili nililipenda zaidi, nikajua na wewe utalipenda: ribiti nyingine za ndege zinawekwa kwenye friji. Zinapashwa moto, zinapoozwa ghafla, na zikiachwa mezani zinakuwa ngumu zenyewe baada ya muda mfupi. Baridi inazichelewesha. Kwa hiyo unazitoa chache na kuzipiga haraka kabla hazijakugomea.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Rose Will Monroe, mjane kutoka Kentucky mwenye watoto. Walimkuta anapiga ribiti wakamwingiza kwenye filamu ya kuhamasisha watu wanunue hati za mkopo wa vita. (Yule wa kwenye bango maarufu la wakati wa vita, "We Can Do It!", mwenye kitambaa cha madoa kichwani, ni mtu mwingine kabisa.) Vita ilipokwisha aliendesha teksi, akaanzisha kampuni ya ujenzi, na akiwa na miaka zaidi ya 50 akapata leseni ya urubani aliyoitamani tangu zamani.

Mwaka 1944 mambo yakakaa sawa, na ahadi ya Sorensen ikatimia: karibu ndege moja kwa saa. Jumla walitoa 8,685, kati yake 1,893 zikiwa vipandevipande vilivyosafirishwa kwa malori marefu hadi Tulsa na Fort Worth kuunganishwa huko. Edsel hakuiona siku hiyo, alifariki Mei 1943 akiwa na miaka 49. Yeye ndiye aliyeubeba mradi huu huku baba yake akimvuruga, na sidhani kama anatajwa inavyostahili.

Kuna hesabu moja siipendi kuifanya lakini naifanya. Agosti 1, 1943, Liberator 177 zilipaa kutoka Libya kwenda kupiga mitambo ya kusafishia mafuta ya Ploiesti, Romania. Zaidi ya 50 hazikurudi, na mamia ya vijana waliokuwemo walikufa. Kwa kasi ya 1944, Willow Run ingeziba pengo lile la ndege kwa siku tatu hivi. Mzee wako alipokuwa Bama (Myanmar ya leo) na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, ndege za aina hiihii, zikiwa na Waingereza, zilikuwa zinakwenda kupiga reli za Wajapani. Kama alizitaja katika mazungumzo yake, niandikie.

Ndege ya mwisho ilitoka Juni 1945. Kampuni ya Kaiser-Frazer ikachukua jengo ikaunda magari, kisha 1953 likaingia General Motors, wakatengeneza gia hadi 2010. Sehemu kubwa imeshabomolewa; kipande kimoja kimenusurishwa kwa ajili ya makumbusho, na sehemu ya eneo ni uwanja wa kujaribia magari yanayojiendesha. Ndege zenyewe nyingi zilipelekwa Kingman, Arizona, nyingine hata hazikuwahi kupigana, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kuwa mikuo ya aluminiamu. Mafundi wenu wa masufuria wangeulizia bei.

Bunduki ya ribiti uliyoagiza nimeipata, ya mtumba lakini inapiga vizuri. Nitampa mtu anayekuja Dar mwezi ujao, namba yake nitakutumia. Bomba lake la upepo ni la kipimo cha huku, kwa hiyo tafuta kiungio mapema kabla hajafika. Na niambie kompresa yako ina nguvu kiasi gani, isije ikawa umenunua bunduki ya kuning'iniza ukutani.

Msalimie shemeji, na shikamoo nyingi kwa bi mkubwa.

Ni mimi nduguyo,
Rajabu