Jibu hasi kwa mtoto anayetumia ARV si kupona

Mhariri,

Nina ombi moja kwa walezi wa watoto waliozaliwa na VVU: kipimo cha haraka kikitoka hasi, msimwachishe mtoto dawa.

Mtoto wa mama mwenye VVU huzaliwa na kingamwili za mama yake, yaani protini za kinga zinazopambana na virusi, na zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18. Ndiyo maana mtoto mchanga hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa vya kutosha ni linalofuata. Mtoto akianza ARV mapema, virusi hushuka kabla mwili wake haujapata muda wa kujitengenezea kingamwili za kudumu. Za mama zinaisha, zake hazijajengeka. Hata seli za CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa, hupoa kwa kukosa adui wa kupambana naye. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili tu, kwa hiyo akipimwa akiwa na miaka miwili au mitatu, huenda kisione kitu. Mama akilia kwa furaha siku hiyo, nani wa kumlaumu?

Lakini virusi vimo. Vimelala ndani ya seli za CD4 zinazotunza kumbukumbu ya kinga, na ARV huvizuia kuzaliana, haziving'oi humo. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, alianza dawa saa 30 baada ya kuzaliwa, akaziacha akiwa na miezi 18 hivi. Mwaka 2013 dunia ilisikia kwamba amepona. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa wala dalili ya virusi. Julai 2014 ikatangazwa kuwa vimerudi.

Kuanza mapema kunaokoa maisha, hilo halina ubishi. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini ulionyesha mwaka 2008 kwamba wachanga walioanza dawa wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipunguziwa hatari ya kufa kwa asilimia 76, wakilinganishwa na waliosubirishwa hadi kinga ishuke au waugue. Bila tiba, karibu nusu ya watoto wenye VVU hufariki kabla ya miaka miwili.

Wahudumu wa afya, tafadhali lielezeni hili siku ileile dawa inapoanza, na mpimeni mtoto wingi wa virusi. Msisubiri mama aje na karatasi ya jibu mkononi, wakati chupa ya dawa ameshaitupa.

Msomaji wenu