Kaka, kuna kocha mmoja alienda reli kama wewe

Kaka habari za Moro, shemeji na watoto hawajambo? Tangu uniambie umepata kazi reli na timu ya vijana umeiacha, kuna mtu hanitoki kichwani, Marshall Newell, Mmarekani wa zamani sana, ngoja nikusimulie.

Jamaa kazaliwa 1871, kakulia shambani huko Great Barrington, Massachusetts, akaingia chuo cha Harvard akacheza ule mpira wao wa Kimarekani kuanzia 1890 mpaka 1893 na miaka yote minne akatajwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Na mpira wa enzi zile sio huu wa kwenye TV, kurusha pasi mbele kuliruhusiwa 1906, kwa hiyo ilikuwa kusukumana na kukanyagana tu watu wanaumia vibaya. Sasa kwenye vurugu zote hizo wenzake walimuita Ma, yaani mama, kwa jinsi alivyowalea wachezaji wadogo. Hapo ndo nikakukumbuka, we si ndo ulikuwa huanzi mazoezi mpaka ujue kila mtoto kala.

1894 na 1895 akawa kocha wa timu ya chuo cha Cornell. Kashinda 9, kafungwa 8, sare 2, sio matokeo ya kutisha, lakini kapteni wake 1894 alikuwa Glenn Warner, yule Pop Warner aliyekuja kuwa mmoja wa makocha wakubwa kabisa Marekani, na mi kwangu hiyo inazidi kombe.

Baadae akaenda reli, kampuni ya Boston and Albany, akawa msaidizi wa msimamizi pale Springfield. Na Springfield ndo mji Harvard na wapinzani wao chuo cha Yale walikuwa wanakutana miaka ile, 1890 Newell akiwa uwanjani waliipiga Yale 12 kwa 6. Mji huohuo, tarehe 24 Desemba 1897, treni ikamgonga. Miaka 26 kaka! Alikuwa anapiga makasia pia, kwa hiyo 1900 Harvard wakapata jengo la kuwekea mitumbwi pembeni ya mto Charles lenye jina lake, lipo mpaka leo.

Iliniuma kweli. Ukiwa kwenye njia vaa reflekta, simu iache mfukoni, hizo treni za umeme zinakuja kimya mno.

Halafu wale vijana nani yuko nao sasa hivi? Kama hamna mtu, siku ukiwa ofu pita hata saa moja tu, mi natuma mipira miwili kwa basi wiki hii, niambie nimpe konda namba ya nani.