Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: daftari lisilo na alama

Kwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na kilichonisukuma kukuandikia ni daftari la mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Kila Jumamosi alfajiri hushuka Gikomba kuchagua viatu vya mitumba, kisha huviosha bwenini na kuwauzia wenzake. Daftarini ameandika majina ya anaowadai, bei ya kununulia na ya kuuzia, na jozi mbili zilizobanduka soli hata ikambidi arudishe pesa za watu. Katika mtihani wangu, binti huyohuyo alibuni hoteli ya ghorofa tano Westlands, nami, kwa kufuata mwongozo wa kusahihisha, nikampa alama za juu kabisa. Daftari halikuwa na mahali pa kuwekewa alama.

Mwaka 1991, mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kwamba nia ya kutenda jambo hujengwa na mambo matatu: mtu anavyoliona, watu anaowajali wanavyoliona, na imani yake kwamba analiweza. La kwanza halitushindi. Muhula mmoja watosha kumfanya kijana aipende biashara. La pili ni gumu, kwa kuwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hafurahii kumwona mhitimu wake kibandani, nami simlaumu. La tatu ndilo tunaloliacha kabisa, maana hakuna mhadhara unaoweza kumpa mtu ujasiri anaoupata kwa mteja aliyekataa Jumatatu akarudi kununua Alhamisi.

Mikopo ipo: hazina ya biashara za vijana tangu 2006, hazina ya Uwezo tangu 2013, na ya Hustler tangu 2022, mbali na asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mhitimu wetu huiendea bila kuwahi kuuza hata yai la kuchemsha.

Naomba, kupitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, nusu ya alama za somo hili zitokane na mauzo halisi ya muhula mzima, na hasara ihesabiwe sawa na faida mradi mwanafunzi aweze kuieleza. Wako watakaogundua kwamba biashara hawaitaki. Ni heri wagundue kabla ya kukopa.

Niko tayari kuanza na darasa langu muhula ujao.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa ujasiriamali, Nairobi